Kosa, Hatia na Unajisi: Istilahi za Kumweleza Nguli wa Tanzia ya Kigiriki

Miongoni mwa maneno ya uhakiki wa fasihi yanayowasumbua walimu na wafasiri, limo neno moja la Kigiriki cha kale, nalo ni hamartia. Neno hili hukutwa kila pazungumzwapo anguko la nguli wa tanzia. Wako wanaolifasiri kwa neno dhambi. Wako wanaoandika kasoro, dosari au udhaifu wa tabia. Na wako wanaoandika hatia. Kwa mtazamo wa haraka maneno haya yaonekana kuwa ndugu, na mfasiri aweza kudhani kuwa lolote atakalolichukua litatosha.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa sivyo. Kila moja ya maneno hayo ni hukumu. Mwanafunzi akisha kuambiwa kuwa Oedipus alianguka kwa sababu ya dhambi yake, kesi imekwisha kabla tamthilia haijaanza. Linalobaki ni kuitafuta dhambi hiyo, na akiikosa ataibuni. Kwa njia hii istilahi moja iliyoteuliwa bila uangalifu humfundisha kijana kuwa kila aliyefikwa na msiba mkubwa hapana budi ameustahili. Watungaji wa Athens waliandika baadhi ya tamthilia zao bora ili watazamaji walifikiri jambo hilo hilo, wala hawakulijibu kwa wepesi namna hiyo.

Kisa cha Oedipus

Yafaa kwanza tukumbushane kisa chenyewe kama Sophocles alivyokitunga katika karne ya 5 K.K. Laius, mfalme wa Thebes, alipata uaguzi kwamba atauawa na mwanawe. Mtoto alipozaliwa alifungwa vifundo vya miguu kwa kutobolewa, akapewa mchungaji ili akatupwe katika mlima wa Cithaeron. Mchungaji akamwonea huruma, akampa mchungaji mwenziwe wa Corinth, na mtoto akalelewa na Polybus, mfalme wa huko, pamoja na mkewe Merope. Alipokuwa kijana, mlevi mmoja karamuni alimwambia kuwa yeye si mwana halisi wa Polybus. Oedipus akaenda Delphi kumwuliza mungu Apollo. Alilouliza hakujibiwa, badala yake aliambiwa kuwa atamwua baba yake na kumwoa mama yake.

Kwa kuliogopa jambo hilo hakurudi tena Corinth. Mahali zilipokutana njia tatu alikabiliana na mzee aliyepanda gari, akasukumwa kando ya njia, na mzee akampiga kichwani. Akampiga naye, akamwua pamoja na watu wake, ila mmoja aliyekimbia. Kisha akafika Thebes, akakifumbua kitendawili cha Sphinx, akapewa ufalme na mjane wa mfalme, Jocasta. Baada ya miaka mingi tauni ikauingia mji. Delphi ikaagiza kwamba muuaji wa Laius aondolewe. Oedipus akamlaani muuaji huyo mbele ya watu, akaanza kumtafuta, na mwisho wa utafutaji akajikuta mwenyewe. Jocasta akajinyonga, Oedipus akayatoboa macho yake kwa bizimu za vazi la mkewe.

Je, mtu huyu ana hatia? Kabla ya kujibu, hatuna budi kujua ni neno gani tunalolitumia kuuliza.

Kosa na kukosa

Kitenzi cha Kigiriki ambacho hamartia limetokana nacho kina maana ya kutoipata shabaha. Katika tenzi za Homer hutumiwa kuhusu mkuki uliorushwa usimpate aliyekusudiwa. Kutoka hapo kikapanuka, kikawa na maana ya kupotea katika rai, kutenda lisilo sawa, na kumkosea mtu.

Msemaji wa Kiswahili asomapo maelezo haya huenda asione ajabu yoyote, na hilo ndilo tunalotaka alitambue. Sisi husema, mkuki ulimkosa. Twasema, amekosa shabaha, amekosa njia, amekosa adabu, amenikosa. Kitenzi ni kile kile, na jina lake ni kosa. Safari ambayo neno la Kigiriki lilisafiri, kutoka kwenye shabaha hadi kwenye mwenendo wa watu, neno letu nalo limeisafiri. Wengi wetu tunazifikia tamthilia hizi kwa kupitia Kiingereza, na katika Kiingereza neno la kutoipata shabaha ni jingine na neno la uovu ni jingine. Mfasiri wa lugha hiyo analazimika kuchagua upande mmoja. Sisi hatulazimiki, lakini tukiifuata tafsiri yake neno kwa neno twaurithi uchaguzi wake.

Neno dhambi liliingiaje? Maandiko ya Kikristo yaliyoandikwa kwa Kigiriki hulitumia neno hamartia kwa maana ya uasi wa mwanadamu mbele ya Mungu, na wafasiri wa Biblia kwa Kiswahili waliliandika dhambi, wakapatia. Lakini maandiko hayo yalikuja zaidi ya miaka mia nne baada ya Sophocles, na neno lilikwisha kupata mzigo mpya. Kuurudisha mzigo huo katika ukumbi wa michezo wa Athens ni sawa na kumsomea mtu mashtaka kwa sheria iliyotungwa baada ya yeye kufa.

Neno kasoro, pamoja na ndugu zake dosari na udhaifu wa tabia, lina asili nyingine. Limetokana na mazoea ya wahakiki wa Ulaya, yaliyoenea sana katika karne ya 19, ya kutafuta ndani ya nafsi ya nguli ufa mmoja unaoeleza anguko lake lote. Mazoea hayo yaweza kumfaa Macbeth, ambaye tamaa yake twaiona ikikua. Aristotle, ambaye ndiye aliyelipa neno hamartia nafasi katika nadharia ya tanzia, hakuzungumzia ufa. Katika sura ya 13 ya Ushairi anasema kuwa mtu anayeifaa tanzia si yule aliyezidi wengine kwa wema na haki, wala si yule anayeangushwa na uovu, bali ni yule aliye kati, anayeanguka kwa sababu ya hamartia fulani. Na mifano anayoitoa ni Oedipus na Thyestes. Hapa hamartia imewekwa mkabala na uovu. Kuifasiri kwa neno linalomaanisha uovu ni kuibomoa sentensi yake.

Tena katika kitabu cha 5 cha Maadili ya Nicomachus, Aristotle anapanga madhara ambayo mtu humtendea mwenziwe. Likitokea bila kutazamiwa hata kidogo, hilo ni bahati mbaya. Likiwa lingeweza kutazamiwa, ila mtendaji hakuwa na nia mbaya, hilo ni kosa, na neno lake hapa ni la shina lile lile la hamartia. Akitenda kwa kujua lakini kwa hasira, bila kupanga, ametenda dhuluma, ingawa mwenyewe hajawa dhalimu. Akitenda kwa kuchagua na kupanga, basi yeye mwenyewe ni dhalimu. Maneno haya ya Kiswahili hatukuyaunda kwa ajili ya makala haya. Kila mtu anayajua, na tofauti ya dhuluma na dhalimu imo tayari katika lugha.

Jaribio la Theseus

Istilahi hupimwa kwa kuwekwa mahali pagumu. Mahali hapo pamo katika tamthilia ya Euripides iitwayo Hippolytus, iliyoonyeshwa mwaka 428 K.K. Theseus, mfalme wa Athens, anasoma barua iliyoachwa na mkewe Phaedra aliyejinyonga, ikimsingizia kijana Hippolytus kuwa alimfanyia jeuri. Theseus anamlaani mwanawe na kumfukuza; laana inampata, naye analetwa akiwa mahututi. Ndipo mungu Artemis anapomfunulia baba ukweli. Anamlaumu vikali kwa kuwa hakungoja ushahidi wala hakuwauliza waaguzi. Hata hivyo anamwambia kuwa kutojua kwake kunaiondolea hamartia yake uovu.

Natujaribu maneno yetu. Tukisema kutojua kunaiondolea dhambi yake uovu, tumesema jambo linalojipinga, maana dhambi bila uovu si dhambi. Tukisema kutojua kunaiondolea kasoro ya tabia yake uovu, hatujasema kitu, kwani Artemis anazungumzia tendo, hazungumzii tabia. Tukisema kutojua kunaliondolea kosa lake uovu, kila mtu anaelewa. Ni kosa, tena lina lawama ndani yake, lakini si uovu. Jaribio hili latosha kutuonyesha neno la kulichukua.

Hatia ni neno la baraza

Neno hatia nalo lina ukoo wake. Limetoka Kiarabu, katika shina ambalo nalo lina maana ya kukosea na ya kutopata shabaha. Lakini katika Kiswahili cha leo hatia imehamia barazani. Mtu hutiwa hatiani, huonekana ana hatia au hana. Kosa ni la mtendaji na tendo lake. Hatia hutamkwa na anayehukumu baada ya kupima nia na sababu. Tofauti hiyo watumishi wa mahakama wanaijua vizuri. Sheria zetu hutenga kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na Sheria ya Kiislamu nayo hutenga kuua kwa makusudi na kuua kwa kukosea.

Watu wa Athens walikuwa na utaratibu wa jinsi hiyo. Aliyeshtakiwa kuua kwa makusudi alihukumiwa katika baraza la Areopagus. Aliyeua bila kukusudia, katika Palladion. Na aliyekiri kuua lakini akadai kuwa sheria ilimruhusu, katika Delphinion. Sheria ya Draco juu ya kuua bila kukusudia, waliyoichonga upya juu ya jiwe mwaka 409/408 K.K., iliamuru mtu huyo aondoke nchini, nayo iliwapa jamaa wa marehemu uwezo wa kumsamehe. Kwa hiyo waliomtazama Oedipus walikuwa watu waliozoea kupima nia. Haiwezekani kusema kuwa tofauti hiyo waliikosa kwa sababu walikuwa wa zamani.

Sophocles mwenyewe alilirudia swali hilo uzeeni mwake. Tamthilia yake Oedipus katika Colonus ilionyeshwa mwaka 401 K.K., miaka michache baada ya yeye kufariki. Humo Oedipus, sasa kipofu na mkimbizi, anajitetea waziwazi. Anasema aliua bila kujua na kwamba mbele ya sheria yeye ni safi. Anamwuliza Creon kama mtu akitokea ghafla kutaka kumwua, atamwuliza kwanza kama ni baba yake au atajikinga. Anauliza pia vipi alaumiwe kwa jambo lililoaguliwa kabla hajazaliwa. Huu ni utetezi wa mtu anayejua maana ya hatia, na anasema kuwa hana.

Unajisi hauulizi nia

Lakini katika tamthilia hiyo hiyo lipo tendo dogo ambalo mfasiri asipoliangalia atampoteza msomaji. Theseus amewaokoa binti za Oedipus. Mzee kwa furaha anataka kuushika mkono wa mfalme, kisha anajizuia ghafla, akisema mtu kama yeye hastahili kumgusa. Huyu ndiye aliyetoka kusema kuwa ni safi mbele ya sheria. Je, amejipinga? Hakujipinga. Amehama kutoka neno moja hadi jingine.

Wagiriki waliliita jambo hili miasma. Damu iliyomwagwa humshika aliyeimwaga, awe alikusudia au hakukusudia, na kutoka kwake huweza kuushika mji mzima. Tauni ya Thebes ilikuwa dalili ya hali hiyo, na agizo la Delphi lilikuwa la kuisafisha nchi. Mwalimu asiyeyajua haya huona kuwa miungu walimwadhibu mtu asiye na hatia, akashangaa haki yao iko wapi. Mganga anapomtenga mgonjwa wa kipindupindu hamwadhibu.

Wasomaji wengi wa Kiswahili hawahitaji mifano ya mbali ili kulielewa jambo hili. Mtu aliyekanyaga najisi njiani hakutenda dhambi, wala hakuna atakayemshtaki. Hata hivyo hasali mpaka atwaharike. Mwanamke aliyejifungua hana kosa lolote, lakini yapo mambo asiyoyafanya mpaka siku zake zitimie. Twahara ni jambo moja na wema ni jambo jingine. Kwa hiyo twapendekeza miasma ifasiriwe unajisi, isifasiriwe uovu, wala laana, wala hatia. Tukifanya hivyo twaweza kusema kwa Kiswahili chepesi jambo ambalo vitabu vingi vimelizungukia kwa kurasa nyingi: Oedipus hana hatia, lakini si twahara.

Kinyume chake ni Orestes, katika tamthilia tatu za Aeschylus zilizoonyeshwa mwaka 458 K.K. Orestes alimwua mama yake akijua ni mama yake, tena kwa agizo la Apollo, ili kulipiza kifo cha baba yake. Alipelekwa Delphi, akatakaswa damu. Hata baada ya hapo miungu wa kike wa kisasi waliendelea kumwandama. Unajisi ulikwisha, shauri likabaki. Ndipo Athena alipounda baraza la Areopagus, mashtaka yakasikilizwa, kura zikalingana, na mshtakiwa akaachiwa. Mmoja ana unajisi bila hatia. Mwingine ametakaswa unajisi lakini hatia yake haijaamuliwa. Mfasiri atakayetumia neno moja kwa wote wawili atakuwa amezifanya tamthilia mbili tofauti ziwe moja.

Hoja mbili za upinzani

Hoja ya kwanza ni kwamba Oedipus ana hasira, ana haraka, na anamdhania vibaya mwaguzi Tiresias na shemeji yake Creon. Je, hizo si kasoro? Bila shaka ni kasoro, wala hatukatai neno hilo litumiwe kuzitaja. Lakini ugomvi na Tiresias na Creon ulitokea miaka mingi baada ya mauaji na ndoa. Hauwezi kuwa chanzo chake. Ama hasira ya njiani, yeye ndiye aliyepigwa. Tena uaguzi wa Delphi haukuwa na sharti: hakuambiwa kuwa akiwa na hasira atamwua baba yake. Mtaalamu E. R. Dodds aliyaeleza haya mwaka 1966 katika makala iliyokuwa inawajibu watahiniwa wake mwenyewe huko Uingereza, ambao wengi waliandika kuwa Oedipus alistahili yaliyompata. Ugonjwa huu basi si wetu peke yetu.

Hoja ya pili yatoka kwa watumishi wa serikali, nayo ni nzito zaidi. Katika lugha ya sheria neno kosa limekwisha kupewa maana maalumu, yaani tendo linaloadhibiwa. Kosa la jinai si kukosa shabaha. Tukilitumia neno hilo kwa hamartia, je, hatutaleta mkanganyo? Jibu letu ni kwamba istilahi huishi ndani ya uwanja wake. Neno shina lina maana yake kwa mkulima na maana nyingine kwa mwanaisimu, na hakuna anayechanganyikiwa. Hata hivyo, pale ambapo mwandishi aona hatari ya kutoeleweka, aseme kosa la kutojua. Maneno hayo yanawafaa Oedipus na Theseus sawasawa, na mwanasheria hatayachanganya na kosa la jinai.

Kuwajibika

Limebaki jambo moja. Ikiwa Oedipus hana hatia, mbona aliyatoboa macho yake, na mbona alimwomba Creon amfukuze nchini? Mwenyewe anaeleza: Apollo ndiye aliyeyaleta maovu hayo, lakini mkono uliopiga macho ulikuwa wake mwenyewe. Hasemi kwamba ameonekana na hatia. Anasema kwamba matendo hayo ni yake, hana mwingine wa kumtwika, na kwamba amri aliyoitoa kuhusu muuaji itamfunga yeye kama ambavyo ingemfunga mwingine.

Kiswahili kina neno la hali hii. Kiongozi anapojiuzulu kwa sababu ya mabaya yaliyotendwa na walio chini yake bila yeye kujua, twasema amewajibika. Hatusemi ametiwa hatiani, na anayesema hivyo twamsahihisha. Nguli wa Sophocles amewajibika. Kwa sababu hiyo watazamaji wanamhurumia na kumheshimu kwa pamoja, jambo ambalo lisingewezekana kama angekuwa mwenye dhambi aliyepata malipo yake.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza wafasiri, walimu na watungaji wa mitihani wazingatie matumizi yafuatayo:

1. Hamartia: kosa, panapohitajika ufafanuzi, kosa la kutojua. Neno dhambi libaki katika maandiko ya dini. Maneno kasoro na dosari yatumiwe kwa tabia peke yake.

2. Hatia: itumiwe pale tu ambapo nia imepimwa na hukumu imetolewa au inangojewa, kama katika shauri la Orestes. Kinyume chake ni kutokuwa na hatia.

3. Miasma: unajisi. Kinyume chake ni twahara, na kitendo cha kuuondoa ni utakaso.

4. Kubeba matokeo ya tendo pasipo hatia: kuwajibika.

5. Nguli: jina hili litumiwe kwa mhusika mkuu wa tanzia badala ya shujaa, kwa kuwa shujaa ni sifa, na mhusika mkuu si lazima awe nayo.

Katika mitihani, badala ya swali liagizalo mwanafunzi ataje dosari iliyomwangusha Oedipus, ingefaa aulizwe: Oedipus ana kosa gani, ana hatia gani, na amewajibika kwa nini? Swali hilo humtaka aisome tamthilia. Lile la kwanza humtaka akariri hukumu iliyokwisha kutolewa.

Twawakaribisha wasomaji, hasa walimu wa fasihi na wafasiri wa mahakama, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, pamoja na maneno mengine wayajuayo kutoka sehemu zao yanayoweza kuzitenga hali hizi kwa usahihi zaidi.